Mtuletee Luhende wa Kwanza

Kijiwe chetu kilikuwa Kirumba, kwenye kona ya barabara inayoteremka Mwaloni, soko la samaki la ufukweni, ubavuni mwa ghala la ushirika lililokuwa limefungwa siku nyingi. Mali yote ya kijiwe ilikuwa benchi moja refu na jiko la Getruda, mama aliyetuuzia kahawa. Getruda alizaliwa albino, na yeye na jua hawakuwahi kupatana. Asubuhi jiko na benchi vilikaa upande wa magharibi wa ghala, saa saba vikahamishiwa upande wa mashariki, na mwenye kubisha alikwenda kunywa kahawa kwingine. Alivaa kofia pana ya ukindu na mikono mirefu hata siku zile za Oktoba ambazo mbwa walikuwa wanalala mtaroni. Mimi ni fundi redio. Meza yangu ilikuwa hatua mbili kutoka pale, kwa hiyo mambo haya niliyasikia tangu mwanzo, na mengine nilishiriki, jambo ambalo sijivunii. Ilikuwa mwaka tisini na nne, enzi za ruksa, wakati kila kitu kilikuwa kinaingia nchini na kila kitu kilikuwa kinauzwa barabarani, kuanzia redio za betri mbili mpaka vitu ambavyo hata muuzaji hakujua ni vya nini.

Siku ya Jumanne, kwenye saa nne asubuhi, alitokea kijana mmoja mrefu akatusimamia mbele.

— Shikamoo mzee, alimwambia Mzee Ndalahwa.

— Marahaba. Wewe mtoto wa nani?

— Mzee, ni mimi. Luhende.

— Luhende namfahamu vizuri. Mimi ndiye mshenga wake. Nukta.

Mzee Ndalahwa alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka ishirini na miwili, na kila akimaliza hoja alitamka nukta, kama vile kuna mtu anaandika. Sisi tulimwita Mzee Nukta. Safari hii nukta yake haikusaidia, kwa sababu kijana alikaa benchini mahali pale pale ambapo Luhende hukaa, akachukua kikombe kile kile, na sauti ilikuwa ya Luhende.

Uso ndio haukuwa wake. Luhende tuliyemjua, dalali wa sangara pale Mwaloni, ambaye hakuwa amekanyaga kijiweni wiki tatu, alikuwa mweusi wa kung'aa, mpole kuliko kazi yake. Huyu uso wake ulikuwa na rangi ya andazi lililotolewa mapema kwenye mafuta. Masikio yalikuwa ya zamani. Shingo ya zamani. Mikono ya zamani. Ni kama mtu alikuwa amekuja na kofia yake, akasahau kichwa, akaazima.

— Umeugua? aliuliza Mapanki.

Mapanki alikuwa mbeba mizigo wa kiwanda cha minofu. Alikuwa mwembamba mpaka tukampa jina la mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayobaki kwetu baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya.

— Siumwi, alijibu Luhende. Ninapaka krimu. Leo wiki ya tatu.

Akatoa mfukoni kikopo kidogo. Hakikuwa na maandishi yoyote, kilikuwa na picha tu ya mwanamke anayecheka.

— Umekipata wapi?

— Kwa mchuuzi mmoja wa kutembea. Alisema kimetoka ng'ambo.

— Ng'ambo ipi?

— Hakusema.

Kisha, kwa kuwa sisi si watu wa kumwacha mtu na siri yake, tukamchimba mpaka akatoa. Jumamosi ile alikuwa anakwenda Buhongwa kujitambulisha kwa wazazi wa Dorcas, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye walikuwa wameelewana mwaka mzima. Wiki nne nyuma, wakitoka kanisani, alikuwa amemsikia shangazi wa Dorcas akimuuliza mwenzake nyuma ya nguzo: "Anayekuja kwetu ni Luhende yupi? Yule mweusi?"

— Ndiyo hivyo tu? alisema Mzee Ndalahwa.

— Alivyolitamka, mzee. Yule mweusi. Kama mtu anayeuliza gunia lenye dagaa walioharibika ni lipi.

— Mweusi si tusi. Mimi ni mweusi na nimeoa mara mbili.

— Wa pili alikukimbia, alisema Mapanki.

— Hakunikimbia kwa sababu ya rangi. Nukta.

Getruda alikuwa akipuliza makaa. Akanyoosha mkono.

— Nipe hicho kikopo.

Alikinusa, akakifunga, akakiweka chini mbali na vikombe.

— Acha leo hii. Na kesho usisimame juani bila kofia. Hiyo ngozi unayojivua ndiyo iliyokuwa inakukinga. Sasa jua litakukuta uchi.

— Dada Getruda, asante, alisema Luhende kwa adabu. Lakini Mwaloni nikivaa kofia kama yako watanicheka mpaka Krismasi. Na zimebaki siku nne tu.

Akaokota kikopo chake, akalipa kahawa, akaenda zake. Hakuna kati yetu aliyemwambia amsikilize. Tuliona Getruda anasema mambo ya Getruda.

Jumatano boti za kutoka Ukerewe zilichelewa, na Alhamisi zikaja zote kwa pamoja. Siku zote mbili Luhende alisimama ufukweni tangu asubuhi mpaka saa tisa, kichwa wazi, jua likimpiga kutoka juu na likimpiga tena kutoka kwenye maji. Alhamisi jioni alikuja kijiweni amejifunika taulo. Alipolifunua, Mapanki aliacha kutafuna karanga. Uso ulikuwa umevimba, umekuwa mwekundu kwenye mashavu, na puani ulikuwa umeanza kubabuka kama gome la mpera.

— Unawaka, alisema Luhende. Kama mtu amenipaka pilipili. Na keshokutwa ndiyo Jumamosi.

Hapo ndipo kijiwe kilipogeuka hospitali. Mapanki alianza.

— Dawa ni mafuta ya sangara. Sikilizeni. Sangara anaishi ziwani maisha yake yote, jua liko juu yake kila siku. Nani hapa amewahi kuona sangara aliyebabuka?

— Sangara anakaa chini, kwenye kina, nilisema.

— Anapanda. Mimi nimembeba sangara mgongoni miaka mitatu, fundi. Sijamwona hata mmoja mwenye chunusi.

Mzee Ndalahwa alitikisa kichwa kwa masikitiko.

— Samaki hana ngozi, ana magamba. Huwezi kumtibu mtu kwa magamba. Ngozi ya binadamu inapumua, na kinachoiziba ni sabuni. Pale kiwandani tulikuwa na meneja mmoja Mgiriki, alikuwa haogi Jumatatu mpaka Ijumaa. Ngozi yake ilikuwa kama ya mtoto mchanga.

— Aliishia wapi?

— Alirudi kwao. Sasa angalieni pamba. Pamba inakaa shambani juani miezi na miezi. Imewahi kuwa nyeusi? Imewahi kuungua? Inazidi kuwa nyeupe. Maana yake mbegu ya pamba ina kitu ndani yake kinachokataa jua. Apake mafuta ya mbegu za pamba, juu yake majivu ya jikoni ili yasikimbie. Nukta.

Kuhusu mimi, nakiri. Nilisema dawa ya meno. Nilieleza kwamba ukiitia mdomoni unasikia ubaridi, na mdomo uko usoni, kwa hiyo uso nao utasikia ubaridi. Wakati ule ilionekana ni hoja.

— Na alale miguu ikiwa juu, aliongeza Mapanki. Jua limemwingilia kichwani.

— Sasa miguu ikiwa juu si litabaki huko huko kichwani? nilimuuliza.

Mapanki alifikiri.

— Basi iwe chini. Asimame.

— Asilale?

— Alale amesimama, kama punda.

Mzee akasema punda hana uhusiano na jambo hili, dawa ni mwezi, mtu akiungua na jua anaanikwa mbalamwezini hesabu zinakuwa sawa. Wakabishana kuhusu mwezi. Katikati ya mabishano Getruda alichovya kitambaa safi kwenye maji ya mtungi, akakikamua, akamnyooshea Luhende.

— Weka hiki. Maji baridi tu, na usijikune. Kesho asubuhi twende kliniki.

Luhende alikipokea akakiweka shavuni. Alifumba macho, na nadhani kama tungenyamaza dakika tano angetulia pale pale. Lakini Mapanki alikuwa ameshakimbia kwao kuchukua chupa, Mzee ameshamtuma jirani mafuta ya mbegu za pamba na majivu, na mimi nilikuwa na dawa ya meno ndani ya droo. Luhende alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hachagui. Alichukua vyote.

Ijumaa asubuhi tulimnusa kabla hatujamwona. Alikuja polepole kando ya ukuta, uso umepakwa tabaka juu ya tabaka, kijivu na nyeupe na manjano, na jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa. Paka wawili walikuwa wanamfuata. Nyuma ya paka, kwa hatua zake za polepole, alikuja korongo mmoja mkubwa wa Mwaloni, wale wenye shingo isiyo na manyoya, wanaoshinda dampo wakigombea matumbo ya samaki.

— Anakufuata wewe? aliuliza Mapanki.

— Tangu nyumbani. Nilipofungua mlango nilimkuta amesimama kibarazani.

Mapanki alicheka. Hata mimi nilicheka. Kisha Luhende akakaa chini, si benchini, chini kabisa, akaegemea ukuta, tukaona hacheki.

— Uso unapiga kama una moyo wake, alisema. Nimewaza nisiende Buhongwa. Nimewaza nipande meli niende Bukoba kwa kaka yangu nisirudi tena. Dorcas nitamwambia nini? Aliniambia tu niende na shati safi.

Getruda aliinuka. Akachukua birika, akamwaga maji kwenye makaa, jiko likafuka moshi likazima. Ilikuwa saa tatu asubuhi na Mzee Ndalahwa alikuwa hajapata hata kikombe cha kwanza.

— Getruda, na kahawa?

— Kahawa imekwisha.

Akamwendea Luhende, akachutama mbele yake, akasogeza kofia na kuinua nywele zake upande wa kushoto. Miaka yote ile hatukuwahi kuliona sikio lake la kushoto. Lilikuwa limekatwa kipande cha juu, limeshonwa, limepona vibaya.

— Hapa palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya mtama. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Huyu majivu, huyu mafuta, huyu maji ya betri. Nilizungushwa na watu kama hawa miezi minane. Nilipofika kwa daktari ilikuwa ni kukata. Daktari aliniambia ningekuja mwezi wa kwanza ningerudi na sikio langu. Inuka, Luhende.

Luhende akainuka. Mimi nilifunga meza nikawafuata, kwa sababu kubaki pale na Mzee na Mapanki tukitazamana kulikuwa kugumu zaidi.

Kliniki ya ngozi, Getruda alikuwa anaijua kama jikoni kwake. Alikuwa anakwenda kila baada ya miezi mitatu kukaguliwa. Muuguzi wa zamu, Sista Odeta, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimsalimu kwa jina, kisha akamtazama mgonjwa, akachukua kalamu.

— Umepaka nini?

— Krimu.

— Ipi?

— Ya kikopo. Halafu jana mafuta ya sangara.

Aliandika.

— Mafuta ya mbegu za pamba.

Aliandika.

— Majivu. Na dawa ya meno.

Sista Odeta aliweka kalamu chini.

— Ngoja nigeuze karatasi. Nani alikushauri?

Luhende aligeuza jicho lake moja zima kwangu. Mimi nilitazama dirishani, palikuwa na mti.

Walimwosha kwa maji baridi, taratibu, nusu saa nzima. Alipokuwa anaoshwa hakulalamika, lakini nilimwona ameshika kingo za kiti mpaka vidole vimekakamaa. Jicho likafunguka kidogo. Sista akamwambia lingeweza kuharibika kama yale majivu yangeendelea kuingia.

— Sikiliza, kaka yangu, alisema Sista, sasa kwa upole. Hiyo krimu imekuvua ngozi ya juu, jua likakukuta huna kinga. Itupe. Asubuhi na jioni osha uso kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kubonyeza, usisugue. Malengelenge usiyatoboe. Kwa sasa tumia dawa hii niliyokuandikia, ukishapona paka mafuta ya kawaida ya mgando, yale wanayopakwa watoto. Kofia pana kila ukitoka, mikono mirefu, na kuanzia saa tano mpaka saa tisa tafuta kivuli. Unywe maji. Ukiona kidonda kimekataa kupona, au alama inabadilika, usimuulize mtu barabarani. Njoo hapa.

— Ni hayo tu?

— Ulitaka nini kingine?

Nilidhani Luhende atafurahi, lakini alionekana kama mtu aliyetembea maili kumi kutafuta ndoo iliyokuwa mlangoni kwake.

Jumamosi tulikwenda. Mzee Ndalahwa alikuwa amekataa katakata kuahirisha, akasema taarifa imeshapelekwa na watu wamechinja. Luhende alivaa shati jeupe la mikono mirefu na kofia ya akiba ya Getruda, ya ukindu, yenye utepe wa zambarau.

— Mchumba hawezi kuingia ukweni na kofia ya kike, alisema Mzee.

— Kofia haina mume wala mke, alijibu Getruda. Ivae wewe basi umpe yako.

Mzee alikuwa hana.

Nyumba ya akina Dorcas ilikuwa Buhongwa, juu kidogo ya barabara ya Shinyanga, yenye zizi nyuma na viti vimepangwa barazani. Baba yake, Mzee Chenge, alikuwa mfugaji mtaratibu asiyepoteza maneno. Pembeni yake alikaa dada yake Dorotea, yule shangazi, mnene, amejifunga kitenge kipya. Tukapewa maji, tukasalimiana, Mzee Ndalahwa akasimama akatoa hotuba yake, na kwa kweli alikuwa anajua kazi. Alipofika mwisho akasema:

— Basi kijana wetu ndiye tuliyekuja naye leo.

— Yuko wapi? aliuliza Mzee Chenge.

— Ndiye huyu.

Luhende akavua kofia. Uvimbe ulikuwa umepungua, jicho limefunguka, lakini mashavu yalikuwa yanabanduka, na paji la uso lilikuwa na rangi mbili kama ramani. Mzee Chenge alimtazama kwa muda.

— Binti yangu alinionyesha kijana kanisani. Yule alikuwa wa rangi moja.

Nilitegemea mshenga atasema neno. Mshenga alikuwa anakagua viatu vyake. Ndipo Luhende aliposimama mwenyewe, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema yote. Kikopo, wiki tatu, jua, sangara, pamba, majivu. Dawa ya meno hakusema nani aliitoa, na kwa hilo nimemheshimu mpaka leo.

— Na kwa nini ulianza? aliuliza Mzee Chenge.

Luhende alisitasita.

— Nilimsikia shangazi anauliza. Yule mweusi?

Shangazi Dorotea alijipigapiga kifuani taratibu.

— Mwanangu. Kanisani kwetu kuna Luhende wawili. Huyo mwingine ni maji ya kunde, ana baiskeli nyekundu na wake wawili, na wote tunawajua. Nilikuwa nauliza yupi, huku naomba Mungu iwe wewe.

Luhende aliendelea kusimama kana kwamba hajaruhusiwa kukaa. Dorcas alikuwa ametoka ndani na sinia la chai na alikuwa ameyasikia ya kutosha. Aliliweka sinia mezani, akamjia mpaka karibu.

— Nani alikuambia nimechoka kuuona uso wako?

— Hakuna.

— Mimi nikiteremka Mwaloni kununua samaki, nakuona kwa mbali, katikati ya watu mia. Siulizi mtu. Leo umesimama mbele yangu, na bado nakutafuta.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimuuma. Luhende aliinamisha kichwa. Dorcas akamgusa kiwiko kidogo tu, akamwonyesha kiti, akammiminia chai wa kwanza, kabla ya baba yake. Mzee Chenge aliliona hilo akajifanya anafukuza nzi.

— Sisi hatukatai, alisema baadaye, tulipokwisha kula. Lakini siwezi kumpa binti yangu mtu nisiyemfahamu sura. Nendeni, mkatuletee Luhende wa kwanza. Huyu hatujamzoea.

Tukarudi Kirumba na jibu hilo. Mzee Ndalahwa alisema katika ushenga wake wote hajawahi kurudishwa na bidhaa.

Miezi miwili iliyofuata Luhende aliishi kama Sista Odeta alivyomwambia. Kikopo alikitupa chooni. Asubuhi maji na sabuni, kubonyeza, mafuta kidogo. Mwaloni alikwenda na kofia yake ya utepe wa zambarau, na wiki ya kwanza wapagazi walimwita Mama Luhende kutoka mizani mpaka majini. Alikuwa anaitika. Wiki ya tatu wapagazi wawili walionekana na kofia, wakidai wamepewa na wake zao. Kuanzia saa tano alihamishia udalali wake chini ya bati la mizani, na wenye samaki, wakitaka bei, wakamfuata kivulini.

Rangi ilirudi kwa vipande. Kwanza kidevu, kisha paji la uso, mashavu yakawa ya mwisho. Wakati mwingine alikata tamaa. Nilimkuta siku moja anajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu, akaniuliza kama kipande kile chini ya jicho kitarudi au kimekwenda moja kwa moja. Nilitaka kumpa jibu. Nilikumbuka ile karatasi iliyogeuzwa, nikamwambia amuulize Sista. Alikwenda, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Na kila Jumapili Dorcas alikuwa anamngoja nje ya kanisa, anamtazama uso bila haraka, kisha anamwambia kitu ambacho hatukuwahi kukijua.

Siku moja ya Desemba, bila taarifa, Shangazi Dorotea aliteremka kijiweni na kikapu chake. Alisema amekuja kununua samaki, lakini kikapu alikiweka chini akakaa benchini. Getruda akampa kahawa. Luhende aliitwa kutoka Mwaloni akaja mbio, akasimama, akavua kofia.

— Shikamoo shangazi.

Shangazi alimshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akamsogeza kwenye mwanga. Akamkagua nyuma ya masikio kama anayechagua tikiti.

— Marahaba, ng'wanawane, mwanangu, alisema. Huyu ndiye. Waambie wazee wako waje Jumamosi, na safari hii tutachinja kubwa.

Luhende alishukuru. Akarudi Mwaloni akitembea, na alipofika kwenye kona, alipodhani hatumwoni, akakimbia. Ndoa ilifungwa Februari, na picha zipo, na katika kila picha bwana harusi ana rangi moja.

Lakini siku ile shangazi alikuwa bado na kahawa yake.

— Na nani kati yenu aliyemponya? aliuliza. Nimeambiwa alitibiwa hapa hapa.

Ingekuwa heri tungenyamaza. Mapanki alikohoa.

— Mama, mimi sipendi kujisifu. Mafuta ya sangara yanafanya kazi polepole. Leo ndiyo yameonekana.

— Sangara ni samaki, alisema Mzee Ndalahwa. Kilichofanya kazi ni mbegu ya pamba. Ilijenga msingi chini, hospitali wakaja kupaka rangi tu. Nukta.

Mimi niliapa moyoni sitasema, kisha nikajisikia nasema kwamba dawa ya meno ilitangulia ikaua vijidudu, wengine wote walikuta njia imesafishwa.

Shangazi Dorotea alitusikiliza kwa heshima zote. Alimtazama Mapanki viwiko vyake, vilivyopauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Alimtazama Mzee visigino, ambavyo ungeweza kuficha shilingi ndani yake. Akanitazama mimi pua, ambayo tangu Oktoba ilikuwa inabanduka kwa kukaa na redio za watu juani.

— Vizuri sana, alisema. Na ninyi wenyewe mnajipaka saa ngapi?

— Sisi? alisema Mapanki.

— Ninyi. Hayo ya sangara, na hayo ya pamba, na hiyo ya meno. Asubuhi au jioni?

Mapanki aliviingiza viwiko ndani ya shati. Mzee Ndalahwa aliivuta miguu chini ya benchi, mmoja, kisha wa pili. Mimi niliinama nikaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Shangazi alisubiri. Alikuwa ametoka Buhongwa, hakuwa na haraka, alikunywa taratibu mpaka kikombe kikabaki na machicha, na hakuna aliyekuwa amejibu. Mwishowe akamgeukia Getruda.

— Nimewauliza vibaya?

— Hapana, mama, alisema Getruda, akimwongezea kahawa. Ni vile hawajawahi kuulizwa.